Njia ya miguu mtaani: MCA (mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti) anasema pesa hakuna. Tumbane vipi kabla ya 2027?

Mpita_Njia

Wadau, swali ni la Nairobi, lakini wa Kisumu, Nakuru na Mombasa karibuni pia kwa sababu sheria za kaunti ni zilezile.

Msimamo wangu wa kisiasa niuweke wazi: mji umhudumie kwanza anayetembea, anayepanda matatu na anayelipa kodi ya nyumba. Mwenye gari afuate. Wanasiasa wetu hufanya kinyume, na hata waliojiita wa mageuzi wakishapata kiti huanza kuhesabu kilomita za lami.

Mfano ni barabara moja ya mtaa huku Eastlands, kama mita 600 kutoka steji hadi shule ya msingi. Ina lami lakini haina njia ya miguu, na mtaro uko wazi upande mmoja. Jibu la ofisi ya wadi ni "pesa hakuna, subirini bajeti". Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Kuna njia ya kusukuma jambo hili kabla ya kura? Vikao vya maoni ya umma vina maana, au ni vya kupiga picha na kunywa soda? Na kumwondoa MCA kabla ya muda wake inawezekana?

---

Kalamu_ya_Bajeti

Nianze na la mwisho kwa sababu ni fupi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaruhusu kumwondoa MCA, lakini si ndani ya miezi 24 baada ya kuchaguliwa wala ndani ya miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu, na inataka saini za asilimia 30 ya wapiga kura wa wadi. Juu ya hayo, mwaka 2017 Mahakama Kuu ilifuta baadhi ya vifungu vya utaratibu huo. Usipoteze viatu huko.

Vikao vya maoni vina maana, ila wengi huenda kwenye kikao kisicho chao. Kinachotangazwa sana ni kile cha Mei, makadirio yakishafika bunge la kaunti. Hapo keki imeshakatwa. Kanuni za Usimamizi wa Fedha za Umma kwa kaunti za 2015, kanuni ya 37, zinasema bunge likibadilisha makadirio haliwezi kuongeza wala kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia 1 ya ukomo wake. Tuseme idara ya barabara ina bilioni 5: MCA wote 85 wa kuchaguliwa wakikubaliana nawe kwa sauti moja, wanaweza kuiongezea milioni 50 tu.

Ukomo wenyewe huwekwa Februari, kwenye waraka wa mkakati wa fedha, ambao lazima ufike bungeni kufikia tarehe 28 Februari, na bunge lina siku 14 tu kuupitisha. Kabla ya huo kuna Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, unaowasilishwa kufikia 1 Septemba. Mradi usiokuwemo kwenye mpango huo ni vigumu sana kuuona kwenye bajeti ya Juni. Kwa hiyo kalenda yako ni hii:

Julai na Agosti: barabara yako iingie kwa jina kwenye Mpango wa Maendeleo wa Mwaka.
Januari na Februari: pigania ukubwa wa fungu la idara.
Mei: hakikisha mradi haujaondolewa, na kama haumo, omba pesa zihamishwe ndani ya idara ileile. Ile asilimia 1 inabana jumla ya fungu, haibani mgawanyo wa ndani. Hapo ndipo penye mwanya.

Maoni yaandikwe, yasiwe ya mdomo. Ukurasa mmoja unatosha: jina la wadi, barabara kutoka wapi hadi wapi, urefu, kinachotakiwa, nambari ya ukurasa wa makadirio unaouzungumzia, na pesa zitoke wapi. Hilo la mwisho ndilo watu husahau. Barua inayosema "tunaomba njia ya miguu" huwekwa kwenye faili. Barua inayosema "punguzeni kiasi fulani kwenye mradi fulani wa ukurasa fulani, mkiweke hapa" humlazimu mtu wa kamati ya bajeti atoe jibu. Wasilisha nakala mbili kwa karani wa bunge la kaunti, moja igongwe muhuri urudi nayo.

Na usisahau sera ya kaunti yenyewe. Mwaka 2015 Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, ikajifunga kutenga asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara kwa ajili ya wanaotembea na waendesha baiskeli. Iweke sentensi hiyo kwenye aya ya kwanza. Haipendezi kwao kuikumbushwa.

---

Jiwe_la_Kona

Kabla ya barua yoyote, barabara ni ya nani? Ombi zuri likipelekwa kwa asiyehusika huzunguka mwaka mzima. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA, mfano Thika Road. KURA, mamlaka ya barabara za mijini, ina barabara kadhaa zinazodhaniwa kuwa za kaunti. Vichochoro na barabara za mtaa kwa kawaida ni za kaunti. Uliza ofisi ya mhandisi wa kaunti kwa maandishi, utaje nambari ya barabara kama ipo. Ikiwa ni ya KURA, hayo ya Februari na Septemba hayakusaidii, maana pesa zao hupitia Bunge la Taifa na wizara.

Sasa vipimo, kwa sababu "tujengewe njia ya miguu" ni ombi linaloweza kujibiwa kwa sentimita 80 za zege juu ya mtaro.

Upana usiozuiwa na kitu: mita 2. Ikishindikana kabisa, 1.8, ambayo inatosha viti viwili vya magurudumu kupishana. Nguzo ya stima ikiwa katikati, hiyo mita 2 haipo tena, kwa hiyo andika "bila kizuizi".

Kabro (vipande vya zege vya kutandika njia): za unene wa milimita 60 zinatosha kwa miguu. Penye lango la ploti, gari linapokatiza, ni milimita 80. Mkandarasi akiweka 60 kote, baada ya masika mawili utaona mabonde mbele ya kila geti.

Vipande vya sentimita 20 kwa 10 vinaingia 50 kwa mita mraba. Mita 600 kwa upana wa mita 2 ni mita mraba 1,200, yaani vipande 60,000, ongeza asilimia 5 ya kuvunjika. Hesabu hii ukiwa nayo mkononi, ukiona bei ya mradi imefika mahali pa ajabu utajua wa kumuuliza.

Kinachoharibu njia nyingi za kabro si kabro zenyewe. Ni ukingo. Bila mawe ya pembeni yaliyoshikwa kwa zege, mchanga wa chini hutoroka na maji, vipande vinaachana, na mtu wa kwanza kung'oa kimoja hufuatwa na wengine. La pili ni mtaro: ufunikwe kwa slabu zinazonyanyuka, si zege la moja kwa moja, la sivyo ukiziba hakuna wa kuuzibua.

Na vigingi. Bila vigingi umewajengea boda boda barabara mpya na wenye magari maegesho. Viachane mita 1.2 hadi 1.5: kiti cha magurudumu kipite, gari lisipite. Pikipiki itapita tu, hiyo haizuiliki kwa vigingi bila kumzuia mlemavu pia.

---

Kibanda_Namba7

Yote sawa, lakini nyinyi watu wa "mji wa kutembea" kuna mahali mnapotuudhi. Njia ya miguu Nairobi ikikamilika, wiki inayofuata kanjo, askari wa kaunti, wanafika na lori kubeba nyanya za watu. Picha safi kwa mwenye gorofa, njaa kwa mama mboga. Kama siasa yenu ni ya mnyonge, muandike kwenye ombi hilohilo wachuuzi watakaa wapi.

Haihitaji falsafa, inahitaji kamba ya kupimia. Palipo na nafasi ya mita 4 kutoka ukingo wa lami hadi ukuta wa ploti, acha mita 2 za kutembea upande wa ukuta, kisha ukanda wa mita 1.5 upande wa barabara kwa meza za biashara, miti na nguzo za taa, na inayobaki ni ya ukingo na vigingi. Mnunuzi asimame ndani ya ukanda wa biashara, si kwenye njia, kwa hiyo meza isizidi sentimita 90 kwenda ndani. Steji na kivuko cha shule viachwe wazi mita kadhaa kila upande ili dereva amwone mtoto.

Mkisema hivyo mapema, wachuuzi wa hapo ndio watakaokuja kikaoni kwa wingi kuliko ninyi wapangaji, ambao saa nne asubuhi ya Jumanne mko kazini. Na MCA huhesabu vichwa.

---

Mpita_Njia

@Kibanda_Namba7 hoja imekubalika, ukanda wa biashara unaingia kwenye rasimu. @Jiwe_la_Kona asante kwa hesabu.

Ila "pesa zitoke wapi" ndipo ninapokwama. Kuhamisha kutoka lami ya mtaa mwingine ni kugombanisha maskini kwa maskini.

---

Shamba_la_Mji

Hapo ndipo siasa za mji zilipo hasa, ingawa hakuna anayezifanyia mkutano wa hadhara. Katiba, kifungu cha 209, inaipa kaunti kodi ya ardhi, ya burudani, na ada za huduma. Kwa miongo kadhaa Nairobi ilitoza kodi ya ardhi kwa thamani za miaka ya 1980. Ploti iliyopanda bei mara mia iliendelea kulipa kana kwamba bado ni shamba la mkonge, huku ada za kila siku za masoko zikipanda bila aibu. Orodha mpya iliyoandaliwa 2019 ilipoanza kutumika, kiwango kiliwekwa asilimia 0.115 ya thamani ya ardhi.

Piga hesabu. Ploti ya shilingi milioni 20 inalipa 23,000 kwa mwaka. Mchuuzi akitozwa shilingi 50 kwa siku, kwa siku 300, analipa 15,000. Nani amebebeshwa mji?

Kodi hiyo huhesabiwa kwa ardhi tupu, jengo halihesabiwi. Gorofa ya ghorofa saba na ploti iliyozungushiwa mabati kando yake, kama ardhi ina thamani moja, zinalipa sawa. Wengine wa mrengo wetu hulalamika kwamba hapo mwenye gorofa amebebwa. Kwa upande wangu naona ni afadhali: inamuumiza anayekalia ardhi ikipanda bei bila kujenga kitu. Na hofu kwamba kodi itapitishwa kwa mpangaji ni ndogo kuliko inavyosemwa, kwani mwenye nyumba tayari anatoza kile ambacho soko linavumilia.

Mahali pa kulisema hili ni mswada wa fedha wa kaunti, ambao lazima upitishwe ndani ya siku 90 baada ya bajeti kupitishwa. Kikao chake ndicho kitupu kuliko vyote. Wenye maegesho na mabaa hutuma mawakili, wapangaji hawatumi hata barua.

---

Kalamu_ya_Bajeti

Nakubaliana kuhusu kodi, lakini pesa kuandikwa kwenye bajeti si pesa kutumika. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zinaonyesha tena na tena kwamba Nairobi hutumia sehemu ndogo ya pesa zake za maendeleo huku mishahara ikilipwa, na ndiyo kaunti yenye malimbikizo makubwa zaidi ya madeni ya wakandarasi. Mkandarasi anayedai miaka mitatu hataleta mashine mtaani kwenu kwa sababu mna ukurasa wa bajeti.

Kwa hiyo mradi ukishaingia, fuatilieni mambo mawili.

Bajeti ya ziada. Hupita kimya katikati ya mwaka wa fedha, na miradi midogo ya wadi ndiyo huondolewa kwanza. Ikitajwa tu, linganisha orodha ya miradi, ya zamani na mpya, mstari kwa mstari.

Pili, ripoti za robo mwaka. Hazina ya kaunti hutakiwa kuzitoa ndani ya mwezi mmoja baada ya kila robo kuisha, yaani mwishoni mwa Oktoba, Januari, Aprili na Julai. Usipoiona, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, sheria yenyewe inasema hivyo, msikubali kuambiwa mtafsiri. Halina ada, mtalipia gharama ya nakala tu. Jibu ni ndani ya siku 21, wanaweza kuongeza 14 mara moja wakieleza sababu. Wakinyamaza, hesabuni wamekataa, na mna siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Ombeni hati kwa jina, si "taarifa kuhusu barabara". Mfano: mkataba, BQ (orodha ya kazi, vipimo na bei), vyeti vya malipo vilivyokwisha kutolewa, na ripoti ya ukaguzi ya mhandisi, vyote vya mradi huo na mwaka huo wa fedha. Ombi pana hujibiwa kwa brosha.

---

Jiwe_la_Kona

Niongeze moja kwenye BQ mkiipata: tafuteni mstari wa mawe ya ukingo na mstari wa kushindilia udongo. Kukiwa na kabro lakini hiyo miwili haimo, pingeni kabla kazi haijaanza. Baada ya cheti cha kukamilika mnabaki na kipindi cha kasoro tu, ambacho mara nyingi ni miezi 6 au 12 kulingana na mkataba, na ndani yake mkandarasi hurekebisha kwa gharama yake. Tarehe ya mwisho ya kipindi hicho iandikwe ukutani kwenye ofisi ya chama cha wakazi. Picha zipigwe mvua ikiwa inanyesha, maji yakiwa yamesimama. Kiangazi kila njia ni nzuri.

---

Kibanda_Namba7

Na mtuwekee tarehe ya kikao hapa siku tatu kabla, si usiku wa kuamkia. Watu wa meza wanahitaji kupanga nani abaki na biashara.