Mafundi mnafunga sensa halafu kuseti ziro mnasema "taa itazima yenyewe", hela yangu nani anarudisha?

Wakuu habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo nikiruka ruka mnivumilie.

Nina Harrier tako la nyani, mwaka wa nne huu niko nayo na haijawahi kunisumbua cha maana. Mwezi wa pili ikaanza kugonga mbele nikipita kwenye matuta, tukaipandisha jeki tukatikisa tairi, raki endi zote mbili zimekufa na tairodi endi ya kushoto (hivyo ni viungio vya chini vinavyopeleka usukani kwenye tairi) inacheza kama jino bovu. Hapo sina ugomvi na mtu, zilikuwa zimekufa kweli. Fundi wa kwanza (majina ya magereji nabaki nayo, nisije nikaitwa mahali) akafunga mpya, tukapeleka wili alaimenti (kunyoosha tairi), tumetoka pale gari inaenda mbele moja kwa moja lakini usukani umekaa upande, mkono mmoja juu mwingine chini. Namwambia kaka hii haijakaa sawa, ananijibu "boss utazoea".

Utazoea! Mimi nitazoea, gari je? Kwenye hii gari nyuma ya usukani kuna sensa inayoiambia kompyuta dereva kakata kona kiasi gani. Sasa usukani ukiwa umepinda huku barabara imenyooka, kompyuta inaona huyu anakata kulia, halafu inaangalia sensa nyingine inaona gari haikati kokote, inachanganyikiwa. Siku ya tatu taa ya VSC (mfumo unaoshika breki wenyewe ili gari isiserereke) ikawaka na ile ya gari inayoserereka nayo ikawaka, dashibodi ikawa kama mti wa Krismasi.

Fundi wa pili, huyu ni fundi umeme. Akapima na mashine ya kusoma makosa ya gari, elfu thelathini, akasema yo sensa imekufa, ile inayopima gari inavyojizungusha, inakaa chini ya konsoli katikati karibu na gia. Nikatafuta ya mtumba kwa wauza spea wa Gerezani, Dar, laki na themanini, kufunga elfu thelathini. Kafunga, taa bado inawaka. Akachukua kipande cha waya akawa anakichomeka chomeka kwenye soketi ya OBD (ile ya kuchomekea mashine ya kupimia) chini ya usukani, pini hii na ile, mara taa zinachezacheza, mara zinatulia. Akapima tena (elfu thelathini nyingine), safari hii zimetoka kodi za makosa C1210 na C1336. Jamaa anatikisa kichwa ananiambia hii sensa ya mtumba nayo mbovu, katafute nyingine.

Wakuu naomba msome hapa taratibu. C1210 na C1336 kwenye Toyota hizi HAZISEMI sensa imekufa. Zinasema ziro haijasetiwa. Mashine imeandika kabisa kwenye kioo chake, kwa Kiingereza chepesi cha darasa la saba, kwamba kalibresheni, yaani kuseti ziro, haijafanyika, na huyu mtu anayekula kwa hiyo mashine kila siku kasoma akaelewa "mbovu". Ni kama umenunua mizani mpya, hujaiweka sufuri, unapima nyama inasoma kilo mbili sahani ikiwa tupu, halafu unatupa mizani. Na ule waya wake nina imani ndio ulifuta ziro yote iliyokuwepo, maana ukigusisha zile pini mara kadhaa haraka haraka ndivyo inavyofutwa. Nitaeleza chini.

Nikaachana naye nikaenda kwa wa tatu. Huyu mwanzoni akataka ang'oe usukani ausogeze meno mawili ili ukae sawa, nikamkatalia, maana hapo nyuma kuna spairo kebo, ule waya wa kujiviringisha unaopeleka umeme kwenye eabegi, na tena usukani hauna kosa, kosa liko kwenye tairodi kule chini upande mmoja mrefu upande mmoja mfupi. Tukarudi alaimenti ya pili, yule mzee akafunga usukani ukiwa umenyooka KWANZA ndio akaanza kuzungusha tairodi. Robo saa tu kazi imeisha. Basi nikampa heshima, tukarudi gereji, fundi akasema yeye kalibresheni anaijua na mashine yake inafanya. Elfu thelathini ya tatu hiyo. Akabonyeza bonyeza, taa zikazima, nikafurahi kama mtoto.

Nilichokuja kukumbuka baadae ni kwamba gereji yake iko kwenye mtelemko unaoshuka mtaroni, na gari yangu muda ule tairi la nyuma kushoto lilikuwa limekanyaga jiwe la kuizuia isiondoke. Yaani gari imelala kwa mbele na imelala kwa upande, halafu mtu anaiambia kompyuta "hapa ndio sawa, shika hivyo hivyo". Na kompyuta ikashika, haina ubishi.

Wiki iliyofuata nampeleka mama Iringa. Mlima Kitonga pale penye kona kali mnapajua, mvua inanyunyiza, kwa bahati tulikuwa tunapanda na mwendo ni wa lori lililo mbele yetu. Naingia kona nasikia piii piii, taa inapepesa, breki ya mbele upande mmoja inajikamata yenyewe grrr grrr na gari inataka kuvutwa kwenda kwenye ukuta. Mguu wangu haujagusa breki! Mama anasema mwanangu mbona unafunga breki hivyo, nikamwambia mama sio mimi. Kona mbili mbele ikarudia. Nikaweka pembeni nikakaa dakika kumi natetemeka miguu.

Halafu kuna mtu humu atakuja kuniambia "hiyo VSC ni urembo, kata waya wa taa uendeshe, zamani tulikuwa na Corolla hazina hayo mambo". Ndugu yangu, Marekani waliifanya kuwa lazima kwa gari zote ndogo kuanzia modeli ya 2012, unadhani walikuwa wanapenda taa? Kile kigari cha Mercedes, A-Class, mwaka 1997 kilipinduka Sweden kwenye jaribio la kukwepa kitu barabarani, kampuni ikaishia kufunga mfumo huu kwenye zote. Ukiwa sawasawa unaokoa. Ukiwa umedanganywa unashika breki mahali ambapo hupaswi kushika, bora hata usingekuwepo.

Niliporudi nikaamua kufanya mwenyewe, nimesoma usiku wa siku mbili. Kwa Toyota za miaka hii (yako hakikisha na manyuali yake, usiniletee lawama) ni waya tu. Nilikwenda sheli alfajiri, sakafu yao ya zege iko levo, nikaomba ruhusa kwa kijana wa pampu. Upepo wa tairi sawa zote, buti nimetoa mizigo, usukani umenyooka, gia iko P. Swichi on bila kuwasha injini, kwenye ile soketi ya OBD unagusisha kwa waya pini namba 4 na namba 12 na kuachia, mara nne au zaidi ndani ya sekunde nane, taa ya VSC inawaka maana yake ziro ya zamani imefutika. Zima swichi, toa waya. Kisha chomeka tena 4 na 12, swichi on, na hapo USIGUSE kitu, hakuna mtu kuingia, hakuna kufunga mlango, hakuna kuegemea bodi. Mimi nilishika pumzi kabisa. Sekunde mbili tatu taa ya VSC ikaanza kupepesa. Zima, toa waya, imeisha. Angalia tu usiguse namba 16, hiyo ina moto wa betri muda wote, ukiikutanisha na 4 umepiga shoti. Na kile kidude cha bluetooth cha kupimia gari kwa simu cha elfu ishirini na tano msipoteze muda nacho, changu kinasoma injini tu, upande wa breki hakifiki.

Kuanzia siku hiyo sijaona taa. Nimepita kona, nimepita matope, kimya.

Kwa hiyo hesabu: mashine mara tatu elfu tisini, sensa laki na themanini, kuifunga elfu thelathini. Laki tatu kamili. Na kinachoniuma zaidi, juzi Jumapili nikarudisha ile sensa yangu ya zamani niliyoambiwa imekufa, nikaseti ziro upya pale pale sheli, inafanya kazi safi kabisa. Ile ya mtumba iko hapa juu ya friji, muuza spea anasema cha umeme kikishatoka dukani hakirudi.

Sasa leo mchana fundi wa pili, yule wa "mtumba mbovu", kanitumia meseji baada ya kusikia kwa jirani kwamba gari imepona: "Boss ule waya uliweka pini ya ngapi na ya ngapi, nina Alphard ya mteja hapa inanisumbua." Nimemjibu arudishe kwanza laki na themanini yangu. Kaona, hajajibu mpaka sasa.