Klorini ya unga kutoka China hadi Dar es Salaam: hati za meli ziandikwe jina gani?

Mhandisi wa Maji, Mwanza

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninasimamia ununuzi wa dawa za kutibu maji kwa mradi mmoja wa wilaya, na mwaka huu tumeamua kuagiza wenyewe kiwandani nchini China badala ya kununua kwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam. Bidhaa yenyewe ni kalsiamu haipokloraiti, yaani ile klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65, tani 20. Muuzaji ameniandikia kwamba mzigo wote utaingia katika kontena moja la futi 20, na kwamba nauli itashuka sana iwapo hati zitasema tu "unga wa kusafishia", kwa kuwa kampuni za meli hutoza zaidi, na nyingine hukataa kabisa, zinapoona jina halisi. Nauli aliyonitajia inavutia, lakini moyo unasita. Je, utaratibu huo unakubalika? Pia, nafasi itakayobaki kontenani, naweza kuijaza kwa mifuko ya shabu ambayo tunaihitaji katika kazi hiyo hiyo?

Mfanyabiashara, Dar es Salaam

Dada, usijitie homa. Watu wengi huandika hivyo na mizigo yao hufika salama. Makontena ni maelfu, na ni machache sana yanayofunguliwa njiani.

Afisa wa meli mstaafu, Tanga

Kwa heshima zote kwa aliyetangulia, ushauri huo unaweza kumfikisha mwagizaji mahakamani na baharia kaburini.

Mwanangu, klorini ya unga haingoji kiberiti. Ikipata joto huanza kuvunjika, na katika kuvunjika hutoa joto jingine pamoja na oksijeni na gesi ya klorini. Na kadiri mapipa yanavyokuwa makubwa na kubanana, ndivyo joto hilo linavyokosa pa kutokea, hadi mzigo unawaka wenyewe. Ngamani, yaani ndani ya tumbo la meli, tunazima moto kwa kujaza kaboni dioksaidi ili ukose hewa, lakini dawa hii imebeba oksijeni yake tumboni, kwa hiyo gesi ile haiisaidii meli. Dawa yake ni maji mengi sana. Ndiyo sababu Kanuni za IMDG, yaani kanuni za kimataifa za kusafirisha bidhaa hatari baharini, ambazo zimekuwa za lazima chini ya SOLAS, mkataba wa usalama wa maisha baharini, tangu mwaka 2004, zinaiweka katika kundi la 5.1, la vioksidishaji, yaani vitu vinavyochochea moto kwa kutoa oksijeni, na kuagiza ipakiwe juu ya sitaha tu, mbali na vyanzo vya joto na ikingwe dhidi ya jua kali.

Sasa tazama jina la uongo linafanya nini. Anayepanga makontena melini haoni mzigo, anaona maandishi. Akisoma "unga wa kusafishia", kontena lako linaweza kushushwa ngamani, pengine kando ya tangi la mafuta mazito ambayo hupashwa moto ili yapate kusukumwa kwenda kwenye injini. Sisi tuliolala juu ya makontena hayo hatukuulizwa kuhusu nauli yako.

Machi 2018 meli ya Maersk Honam iliungua katika Bahari ya Arabia na mabaharia 5 wakafariki. Wachunguzi wa Singapore walielekeza shaka yao kwenye shehena ya dawa nyingine ya jamii ya klorini, iliyokuwa ngamani, na dawa hiyo haikuwa imefichwa jina; seuze iliyofichwa.

Wakala wa forodha, Kurasini

Mzee amemaliza upande wa bahari. Mimi nizungumzie karatasi. Jina katika hati ya shehena liwe lile la kanuni, pamoja na namba yake ya UN, ile ya Umoja wa Mataifa inayotambulisha bidhaa hatari. Kwa dawa kavu yenye klorini zaidi ya asilimia 39 namba ni UN 1748. Ikiwa ni ile yenye unyevu, maji yakiwa kati ya asilimia 5.5 na 16, ni UN 2880. Zipo namba nyingine kwa ile inayobabua, kwa hiyo usikisie: mtake muuzaji akupe karatasi ya usalama wa kemikali kabla hujalipa chochote. Kiwanda kitie saini tamko la bidhaa hatari, na aliyepakia kontena atie saini cheti chake cha upakiaji. Mapipa yawe yamepimwa na kupigwa chapa ya UN, na kontena libandikwe alama za njano za kundi la 5.1 pande zote nne.

Kuhusu uzito, muuzaji wako amekosea tena. Vilabu vya bima ya meli vya P&I pamoja na kampuni za meli katika mtandao wa CINS vina mwongozo unaotaka pipa lisizidi kilo 45 za dawa halisi, na kontena lisizidi tani 14. Tani zako 20 ni makontena mawili, upende usipende.

Hapa nyumbani, kemikali haiingii bila kibali cha Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, nacho hutaja kemikali kwa jina lake. Hati ikisema "unga wa kusafishia" na kibali kikisema kalsiamu haipokloraiti, mzigo unakwama, na kukwama ndiko ninakokuogopa zaidi, maana yadi ya makontena wakati wa kaskazi ni tanuri. Nitrati ya amonia iliyolipuka Beirut tarehe 4 Agosti 2020, nayo ya kundi la 5.1, ilikuwa safarini kwenda Beira, hapo jirani yetu Msumbiji, ikakwama bandarini miaka kadhaa. Kibali kiwe mkononi kabla meli haijang'oa nanga, na lori liwe tayari siku meli inapofika.

Mhandisi wa Maji, Mwanza

Shikamoo Mzee, nami nimekushukuru wewe pia, kaka wa Kurasini. Nimemwandikia muuzaji kwamba tutachukua makontena mawili kwa jina halisi, au tutatafuta kiwanda kingine. Sasa kwa kuwa kila kontena litabeba tani 10 tu, nafasi ya shabu imeongezeka. Hapo mnasemaje?

Mkemia wa maabara ya maji, Morogoro

Dada, shabu isiingie humo. Kwenye tangi la kutibu maji tunazitumia dawa zote mbili, lakini kila moja kwa wakati wake na ikiwa imeyeyushwa sana. Kontenani hewa hutoa jasho usiku. Shabu ikilowa inakuwa na tindikali, na tindikali ikigusa klorini ya unga, gesi ya klorini inatoka papo hapo. Atakayefungua mlango Dar es Salaam ndiye atakayeivuta. Iagize katika kontena lake.

Vilevile omba picha za sakafu ya kontena kabla halijapakiwa. Doa la mafuta au grisi, au mabaki ya mbolea ya amonia ya safari iliyopita, yanatosha kuanzisha yale aliyoyaeleza Mzee. Ukiona sakafu imelowa mafuta, likatae kontena hilo.