Daraja limeisha, kingo za mto bado vifusi: mkandarasi alipwe chake chote?

Mleta mada:
Wakuu, daraja likikamilika utepe unakatwa, magari yanapita, cheti kinasainiwa. Sasa shuka chini ya daraja. Udongo umerundikwa ukingoni, njia ya muda ya malori imeshindiliwa hadi jembe linadunda, na mvua ya kwanza inasomba kila kitu mtoni. Msimamo wangu: sehemu ya malipo ishikiliwe mpaka majani yaote na yavuke msimu mmoja wa mvua. Kuchipua peke yake si kitu, mbegu ukizimwagilia zinachipua hata juu ya tofali. Karibuni.

Mzee wa Nguzo:
Mkuu, unatuonea. Mvua haisaini mkataba. Nilishapanda majani kwenye mteremko, mafuriko ya usiku mmoja yakakomba mpaka matandazo. Hiyo nayo nilipe mimi? Na mikataba mingi tayari ina muda wa matazamio, yaani kipindi baada ya kukabidhi ambacho mkandarasi bado anarekebisha kasoro, mara nyingi mwaka mmoja, na kuna fedha inayoshikiliwa.

Mleta mada:
Ipo, ila ndani ya huo mwaka mkaguzi anatafuta nyufa kwenye zege. Ukingo hakuna anayeushukia. Kuhusu mafuriko, kiandikwe kimo cha maji: mto ukikivuka, hasara ni ya mwenye mradi. Chini ya hapo ni yako, mzee wangu.

Mkaguzi Mstaafu:
Mnagombania mwisho, wakati uharibifu ni wa siku ya kwanza. Buldoza likiingia, udongo wa juu, ule mweusi wenye mboji na mbegu, ukwanguliwe na ulazwe peke yake, mbali na maji, rundo lisipite kama mita 2. Likiwa refu, udongo ulio chini ya rundo unakosa hewa na uhai wake unapungua. Ninachokuta mimi ni mweusi umevurugwa na udongo wa tabaka la chini, halafu watu wanashangaa mbona hapaoti kitu.

Kingine ni maji yanayopampiwa kutoka kwenye shimo la msingi wa nguzo. Bomba linaelekezwa mtoni moja kwa moja! Mchanga unazama upesi, lakini chembe za mfinyanzi zinaweza kuelea siku kadhaa, ndiyo maana hayo maji hupitishwa kwanza kwenye bwawa la kutuliza tope. Na ule uzio wa kitambaa wa kuzuia tope, kama chini haukufukiwa kwenye mfereji, tope linapita kwa chini. Ni pambo tu.

Mzee wa Nguzo:
La udongo mweusi sibishi. Lakini nipeni pa kuulaza, eneo tunalokabidhiwa ni jembamba, malori yenyewe yanapishana kwa shida. Halafu angalieni jedwali la bei: kurejesha ardhi ni mstari mmoja, bei moja kwa kazi yote. Ukiweka bei ya kweli, zabuni anapata aliyeandika kiduchu.

Mleta mada:
Hapo umenigeuza kidogo. Basi kila kipande kiwe na bei yake: kukwangua, kutifua palipogandamizwa, kupanda, kutunza. Kilipwe kikikamilika, na ukingo wa kwanza ufunikwe kabla hamjavuruga wa pili. Ila fungu la kutunza libaki mpaka mvua ipite, hapo sirudi nyuma.

Mzee wa Nguzo:
Na nani ataamua kwamba majani yameshika?

Mkaguzi Mstaafu:
Picha na vipimo vilivyochukuliwa kabla ya buldoza. Je, kwenye kazi zenu vinachukuliwa?