Je, kuna faida kulipia kura za roboti kwenye makala za Hive?

Swali

Habari za leo, ndugu zangu. Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikiandika kuhusu ufugaji wa nyuki kwa Kiswahili kwenye Hive, mtandao wa kuandika ambako kura za wasomaji humpatia mwandishi sarafu za kidijitali. Makala moja hunichukua siku mbili, na mara nyingi hufika siku ya saba, ambayo ndiyo siku ya malipo, ikiwa na senti kumi au kumi na tano za dola. Juzi mwenye akaunti kubwa ameniandikia kwamba nikimtumia HBD 3 (HBD ni sarafu ya Hive iliyokusudiwa kuwa na thamani ya dola 1) pamoja na kiungo cha makala, programu yake itanipigia kura yenye thamani ya dola 5. Kwa hesabu ya haraka ninaona faida ya dola 2, lakini sijaridhika nayo. Ninaomba walionitangulia wanieleze.

Jibu la kwanza

Ndugu yangu, faida hiyo haipo. Kiasi kinachoonekana chini ya makala si cha mwandishi peke yake: tangu mabadiliko ya Agosti 2019, wakati huo bado tukiwa Steem, mtandao ambao Hive ilijitenga nao, nusu ni ya mwandishi na nusu ni ya waliopiga kura. Katika dola 5 utapata dola 2.50, na kwa mpangilio wa kawaida 1.25 itakuja kama HBD na 1.25 kama Hive Power, yaani sarafu ya HIVE iliyofungwa ili ikupe nguvu ya kupiga kura, ambayo ukitaka kuitoa utalipwa kidogo kidogo kwa wiki 13. Umetoa 3, umerudishiwa 2.50, na nusu yake imefungwa. Mtazame sasa muuzaji: amepokea 3 zako, na kura yake mwenyewe imempatia fungu kubwa la ile nusu ya wapiga kura.

Jibu la pili

Nilinunua kura hizi kwa muda mrefu enzi za Steem, kabla Hive haijajitenga mwezi Machi 2020, kwa hiyo ninayoyaeleza niliyapitia.

Kura kamili hutumia asilimia 2 ya nguvu ya akaunti ya kupiga kura, na nguvu hiyo hurejea kwa asilimia 20 kwa siku. Ndiyo maana roboti nyingi zilipiga kura moja kila baada ya saa 2 na dakika 24. Katika muda huo sote tuliitumia roboti madau, yaani pesa za kununua fungu la kura hiyo, kisha kura ikagawanywa kulingana na dau la kila mtu. Ungeweza kuweka dau lako ukiona faida nzuri, halafu katika dakika za mwisho wakaingia wengine kumi, na fungu lako likapungua kuliko ulichotoa.

Kilichotudanganya ni bei. Mwishoni mwa 2017 sarafu ya Steem iitwayo SBD, iliyokusudiwa kuwa na thamani ya dola 1, ilipanda hadi kupita dola 10, na kwa kuwa sehemu ya malipo ya mwandishi ilikuja kwa SBD, hata dau la hovyo lilileta faida. Tuliamini kwamba roboti ndizo zinazotulipa, kumbe ilikuwa bei ya sarafu. Iliposhuka, tuliendelea kununua kwa mazoea. Wakati huohuo wenye mitaji waliona ni rahisi kuzikodishia roboti nguvu zao za kura kuliko kusoma na kupiga kura wenyewe, na ukurasa wa makala zinazovuma ukajaa makala zilizonunuliwa. Hilo bado linaniuma, kwa sababu nami nilichangia.

Muuliza swali

Ninawashukuru sana. Je, nikiihesabu hasara hiyo kama gharama ya tangazo, ili makala ionekane?

Jibu la tatu

Tangazo huleta wasomaji, na roboti haisomi. Isitoshe, mabadiliko yaleyale ya 2019 yaliwapa wote akiba ya kura hasi, yaani za kupunguza malipo ya makala, sawa na robo ya nguvu zao, ambayo kuitumia hakupunguzi kura zao za kawaida. Wapo wenye akaunti kubwa wanaozitafuta makala zenye malipo makubwa lakini zisizo na maoni hata moja, na yako itaonekana mara moja. Wakiipigia kura hasi kabla ya siku ya saba, malipo yatashuka, na HBD 3 zako hazitarudi.

Mimi ningezibadilisha HBD hizo kuwa HIVE katika soko la ndani na kuziweka kama Hive Power. Kura yako itabaki ndogo, lakini ni yako kila siku, na ukiwapigia wanaoacha maoni ya maana, baadhi yao hurudi. Makala zako uziweke pia katika jumuiya za kilimo na ufugaji, ambako watu hupiga kura kwa mkono baada ya kusoma. Ile ya mizinga ya magome niliisoma yote. Nina mizinga sita Sikonge, na nina swali kuhusu msimu wa kurina, yaani kuvuna asali, ambalo lingefaa kujadiliwa na wafugaji wengine katika jumuiya, lakini makala hiyo uliichapisha kwenye blogu yako tu.

Muuliza swali

Nimemjibu muuzaji kwamba sitanunua. Makala ya msimu wa kurina nitaiandika wiki hii, na safari hii nitaiweka ndani ya jumuiya.