Tupeane uzoefu: soga zako, porojo za wenzako

Wakuu, salaam. Juzi bosi katukuta watatu tumesimama koridoni tunabishana Simba na Yanga, akasema, "Naona porojo zimekolea." Yeye na wenzake wakikaa na chai hadi mchana, hicho ni kikao. Nimechunguza: kila mtu akisimulia yake anasema "tulikuwa tunapiga soga", ya wenzake ndiyo porojo. Kwenu ikoje? Leteni visa, maana za kamusi tunazo.

Mkwe wa Kisarawe: Mimi Mnyamwezi, nimeoa Uzaramoni. Alipofariki baba mkwe, mjomba wangu alikuja msibani kama mtani, maana Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana. Akaomba koti na kofia ya marehemu, akavaa, akaanza kupita kwenye turubai akikohoa vilevile kama mzee, anafoka kwamba wajukuu wamemaliza sukari. Kijana mmoja wa mjini akanong'ona, "Watu wamefiwa, huyu analeta porojo." Shangazi akamkata jicho, kimya. Mama mkwe tangu jana alikuwa hajatia kitu mdomoni. Alicheka akajishika mbavu, machozi yanamtoka, kisha akaomba uji. Mjomba naye akadai alipwe ndipo avue koti, na akalipwa.

Wa Mji Mkongwe: Njoo Jaws Corner jioni. Kahawa, siasa, bao, bei ya mchele, hakuna anayekufukuza. Ila ukisikia "yule ana porojo", usimkopeshe.

Mtu wa mjengo, Nairobi: Pale bustani ya Jeevanjee wako wale wa Bunge la Mwananchi, wanabishana mchana kutwa. Wapita njia husema ni porojo za watu wasio na kazi. Kazi niliyo nayo niliisikia hapohapo, kwa jamaa aliyekuwa akimbishia mwingine kuhusu bei ya simiti.

Bukavu hapa: Siye tunapiga masolo. Porojo ni ya kwenu.

Mama Wawili: Mnachanganya porojo na umbea. Porojo haina mtu ndani yake. Umbea una mwenyewe, na kwa kawaida katoka mlangoni sasa hivi. Saluni ninakosuka, mteja akishalipa akafika barabarani tu, msusi anaweka kitana chini: "Haya, mmemsikia?" Mimi nikimaliza kusukwa siondoki. Najifanya nasubiri mvua ipite, hata kama jua linawaka.