Mtoto amekariri hadithi nzima lakini hajui maandishi yako wapi. Nianzie wapi?

Kurasa_Mbili (mwanzisha uzi)
Habari zenu wakuu. Mtoto ana miaka 4 na nusu, anasomewa kila jioni, na hadithi tatu amezikariri neno kwa neno. Lakini akiulizwa kinachosomwa kiko wapi, anaonyesha picha. Akifuata kwa kidole, kidole kinafika mwisho wa mstari huku mdomo bado uko mwanzoni. Nimwanzishie a-e-i-o-u, au kuna hatua nairuka?

Chaki_Nyeupe
Mkuu, unairuka. Irabu kwa mtoto asiyejua zinakaa wapi kwenye ukurasa ni wimbo tu.

Mpime kwanza, ila kwa mchezo. Mpe kitabu kikiwa juu chini, mgongo ukimwelekea, umwambie akuonyeshe mbele. Fungua penye maandishi kurasa zote mbili: "Nianze kusoma wapi?" Akigusa: "Halafu naelekea upande gani?" Mwisho wa mstari simama: "Sasa niende wapi?" Wengi huteleza hapo. Hushuka wima chini ya neno la mwisho badala ya kurudi kushoto. Kisha chukua vipande viwili vya karatasi ngumu, avisogeze juu ya mstari mpaka ibaki herufi moja, halafu neno moja.

Mengi ya haya yamo katika kipimo cha Marie Clay wa New Zealand, cha miaka ya 1970. Kitabu chake kiliwekwa makosa makusudi, kama picha iliyopinduliwa na mistari iliyovurugwa, kuona kama mtoto ataligundua kosa.

Wakati wa kupima usisahihishe. Andika alichokosa, ukifundishe siku nyingine.

Silabi_Tatu
Hilo la kidole lina sababu yake, na Kiswahili chetu kinachangia. Chukua "Paka anakunywa maziwa". Maneno 3, silabi 9. Mtoto hugusa neno moja kwa kila silabi: *pa* kwenye neno la kwanza, *ka* kwenye la pili, *a* kwenye la tatu, mstari umekwisha. Sikio lake liko sawa kabisa. Ambacho hajui ni kwamba neno ni kile kilicho kati ya nafasi mbili tupu.

Fanya hivi. Andika sentensi ya maneno 3 au 4 kwenye ukanda wa karatasi, kwa herufi kubwa kiasi cha urefu wa kidole gumba chake, ukiacha nafasi ya upana wa vidole viwili. Isome, kidole kikiteleza chini ya neno tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho bila kudonoa. Kata penye nafasi. Changanya, apange upya, msome tena. Dakika 5 zinatosha, ukanda uleule siku 3 au 4. Changanya maneno mafupi na marefu ("Baba ni mrefu"). Yakilingana urefu atabahatisha na hutajua.

Kupiga makofi kwa silabi ni zoezi zuri, ila lisikae kikao kimoja na la kidole. Mkono utaendelea kupiga silabi.

Pia muulize kati ya "tembo" na "sisimizi" lipi neno refu. Watoto wengi watasema tembo, kwa sababu ni mkubwa! Yaandike yote mawili, mhesabu herufi pamoja: 5 kwa 8. Hapo ndipo huanza kuona kwamba maandishi yanabeba sauti, hayachori kitu.

Kurasa_Mbili
Shukrani sana. Sasa nikionyesha kidole kila mstari, hadithi si itapoa?

Rafu_ya_Chini
Itapoa, ndiyo. Usomaji wa kwanza uache wa hadithi tu. Wa pili na wa tatu, weka vituo 2 au 3 kwa kitabu kizima: jina la kitabu kwenye jalada, sentensi inayojirudia, neno lililoandikwa kubwa. Bila kuonyeshwa, macho ya mtoto hukaa kwenye picha karibu muda wote, kwa hiyo kumsomea kila siku peke yake hakumfundishi maandishi.

Kitabu kiwe na mstari 1 au 2 kwa ukurasa, maneno yasiyozidi 6 kwa mstari, maandishi mahali palepale kila ukurasa, wala yasipite juu ya picha.

Wino_Mweusi
Naongeza kuandika, ambako wengi hukuacha nyuma. Achore, aseme sentensi moja, uiandike mbele ya macho yake ukitamka kila neno unapoliandika. Anaona mkono ukianzia kushoto, ukiacha nafasi, ukirudi mstari wa chini. Andika alivyosema, usimpambie.

Herufi zianze na za jina lake. Akigeuza herufi kama kwenye kioo, usiogope. Hadi miaka 6 au 7 ni kawaida.

Chaki_Nyeupe
Vipi kuweka nukta ya kijani mwanzo wa mstari?

Wino_Mweusi
Kwenye ukanda wako sawa, wiki moja au mbili, kisha iondoe. Ikikaa muda mrefu mtoto hutafuta nukta, na kitabu cha kawaida hakina. Kama anajifunza pia herufi za Kiarabu, usiweke alama yoyote. Kila unapofungua kitabu taja tu: "Hiki kinaanzia kushoto", "hiki kinaanzia kulia". Watoto humudu yote mawili wakiambiwa mapema.

Silabi_Tatu
Na akisogeza kitabu karibu sana na uso au kuinamisha kichwa upande kila mara, apimwe macho kabla ya mazoezi yote haya.