Tupeane uzoefu: mnamlishaje mtoto anayetumia ARV (dawa za kufubaza VVU) wakati chakula hakiwatoshi hata wenzake?

MamaMdogo_Makambako

Wakuu, habari za jioni. Nalea mtoto wa marehemu dada, ana miaka minne na nusu, alizaliwa na VVU. Dawa hainisumbui. Nesi wa CTC, kliniki ya VVU, alinielekeza, simu inalia saa 2 usiku, anakunywa. Kinachonishinda ni sahani. Nina wangu watatu, na riziki yangu ni kibarua cha kuchimba viazi kwenye mashamba ya watu. Kliniki wanasema huyu anahitaji chakula kingi kuliko wenzake: hata akiwa mzima, nguvu anayopata kwenye chakula iongezeke kama asilimia 10, na akikonda inaweza kufika asilimia 50 hadi 100 zaidi. Nimeelewa. Sasa yai moja unampaje mbele ya watatu?

Mwaka jana ule utepe wa kupima unene wa mkono ulisoma nyekundu, yaani utapiamlo mkali, chini ya sentimita 11.5. Tukapewa chakula dawa, vile vipakiti vya karanga, kimoja kilokalori 500. Kila nikichana kimoja, watoto wanne wamenizunguka. Nikawa nagawa, kila mtu kidole kimoja. Wiki ya tatu uzito umegoma pale pale. Nesi akaniuliza taratibu, "Mama, hivi anakula nani?" Nililia kama mtoto.

Mliopitia haya, mlifanyaje? Semeni ukweli, hapa hatujuani sura.

BabaPacha_Boda

Pole sana dada. Mimi wangu ni mapacha, Kulwa anao, Doto hana. Mama yao alipimwa siku ya uchungu, hakuwa amehudhuria kliniki. Zamani Kulwa alikuwa na ile dawa ya maji, chungu balaa, tunamlambisha karanga ya kusaga kwanza ndipo imshuke. Doto anakimbilia uvunguni, anadhani zamu yake inakuja. Alipobadilishiwa hiki kidonge cha DTG (dolutegravir, aina ya ARV) kinachoyeyuka kwenye maji, kinanukia stroberi, mambo yakageuka. Sasa Doto ndiye analia, "Mbona mimi sipewi juisi?" Tunamtengenezea maji ya ukwaju kwenye kikombe kinachofanana, wanakunywa pamoja. Kuhusu chakula, mimi niliacha kumtengea Kulwa. Chungu kimoja, ila naongeza mafuta na dagaa wa kusaga kwa wote.

NyarHomaBay

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Huku kwetu Kenya omena, yaani dagaa, ndiyo inatuokoa. Natoa mchanga, nakausha tena juani, nasaga, naweka kijiko kwenye uji. Lakini nikuambie kosa langu: nilinunua vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu dukani, nikampa mtoto pamoja na DTG, tumbo tupu. Kule CCC, kliniki yetu ya VVU, daktari akashika kichwa. Vinaizuia dawa isiingie mwilini vizuri. Vikitumika, ni pamoja na chakula, au dawa itangulie kwa muda wa saa mbili. Ukinunua kitu chochote cha nguvu, uliza kwanza.

MhudumuNgaziYaJamii

Mama Mdogo, usijilaumu, karibu kila nyumba ninayoingia wanagawana. Chakula dawa ni dozi kama dozi nyingine, usimfiche nesi ukigawa. Ila ulipaswa kuambiwa jambo moja: wabebe wote wanne, wapimwe mikono wote. Na mwenye VVU asikose matone ya vitamini A kila miezi 6, dawa za minyoo, na Septrin (dawa ya kumkinga na maambukizi) kama bado ameandikiwa.

Halafu ule unga wa lishe wa nafaka kumi mnaouziwa sokoni, achaneni nao. Mahindi au ulezi na karanga vinatosha. Maharage pikeni mboga, msiyasage kwenye unga. Karanga zichambueni moja moja, yenye ukungu tupa. Msiwape kuku wala msiisage "kwa sababu haionekani". Sumukuvu, sumu ya huo ukungu, haiondoki kwa kupika.

NimekuaNayo

Nina miaka 22, nimelelewa na bibi, Njombe. Niliambiwa ni dawa za kifua mpaka nilipofika miaka 12 nikasoma mwenyewe bango la kliniki. Bibi hakuwa na pesa, alikuwa na mparachichi mmoja. Kila jioni nusu parachichi na chumvi, kisha kidonge.

Mwaka ambao mti haukuzaa nilikuwa darasa la saba. Dawa za wakati ule, mimi nikizinywa na njaa nilikuwa nalewa, ukuta unatembea. Nikaanza kuzifukia kwenye tuta la maboga. Hakuna aliyejua hadi TB iliponilaza. Kliniki waliniuliza kuhusu saa ya kunywa, kuhusu marafiki, kuhusu shule. Hakuna aliyeuliza jana usiku nilikula nini. Na mimi niliona aibu kumsemea bibi.

Leo virusi havionekani kwenye kipimo, nashukuru Mungu. Anti, huyo mtoto akikuambia dawa inamzungusha, mwangalie tumbo kabla hujamfokea.

BabaPacha_Boda

Dah. Tuta la maboga.

MamaMdogo_Makambako

Nimerudi wakuu, asanteni. Leo nimeenda na wote wanne, nauli nimekopa. Mtoto wa dada amesoma kijani. Kitinda mimba wangu, ambaye hana VVU, amesoma njano, yaani utapiamlo wa kadiri. Miezi yote hii namhesabia mwenzake vijiko, huyu sikumtazama. Nimeandikiwa turudi naye baada ya wiki mbili.